Sauli alirudisha nini?

Munajua mimi ni mtu wa udongo na maharagi, lakini leo niache kidogo mambo ya mbolea, niandike historia. Ni ndefu, basi mwenye kuwa na mega kidogo asome kwa vipande.

Hapa kwetu Goma, na zaidi hapa Kanyaruchinya, kuna neno moja lenye limekuwa sawa kitambulisho. Mtu anasimama kanisani, anashika mikro, anasema: «Mimi nilikuwa Sauli.» Basi. Watu wanapiga vigelegele, pasta anamwekea mikono, na kila kitu cha nyuma kimefungwa. Alikuwa mwizi? Alikuwa Sauli. Alikuwa porini na bunduki? Alikuwa Sauli. Nimesikia hiyo ushuhuda tangu utoto, kabla ya volkano ya 2002 na kisha yake, kabla ya lava ya tarehe 22 Mei 2021 na kisha yake (ile wiki ya 2021 kila njia ilikuwa na nabii), na zaidi tangu mwisho wa 2022, wakati watu wa Rutshuru na Kibumba walijaa hapa kwetu paka kwenye mawe yenye hata mbuzi hailali. Sichekelei. Wengine niliwaona wamegeuka kweli. Lakini nimejiuliza swali moja, na ndiyo nataka tulifuate pamoja: yule Sauli mwenyewe, kisha ya Damasko, alirudisha nini?

Tuanze na jinsi alikuwa mbele. Sauli hakuwa jambazi, hakuwa mlevi, na hapa ndipo washuhudiaji wetu wanamuchukua vibaya. Alikuwa mtu wa masomo, Mfarisayo, aliyekaa miguuni pa Gamalieli kule Yerusalemu. Wakati Stefano anapigwa mawe, yeye alilinda nguo za wenye kupiga. Kisha akaingia nyumba kwa nyumba, akakokota wanaume na wanawake, akawatia gerezani. Alipoenda Damasko, safari ya kilomita zaidi ya 200, alikuwa na barua za kuhani mkuu. Mtu wa makaratasi! Kama angekuwa kwetu, angepita kwenye kila kizuizi na ordre de mission yake, na muhuri juu. Yeye mwenyewe, akiandika miaka mingi nyuma yake, anataja kutesa kanisa kati ya vitu vyenye alikuwa anajivunia. Ni bidii. Alifikiri anamtumikia Mungu, na hakuna mtu mgumu kumwambia «simama» kuliko huyo.

Watu wa Kivu tunaijua hiyo bidii, siyo ya kuja na ndege. Mwaka 1944, kule Masisi na Lubutu, mtu aliyeitwa Bushiri Lungundu aliinua watu kwa mafundisho ya Kitawala, dini yenye mizizi yake ni Watch Tower, akajiita mjumbe wa Yesu. Wazungu wengine walikamatwa na kupigwa fimbo sawa vile wao walikuwa wanapiga watu, kisha Force Publique ikaja kuzima kwa risasi. Nani alikuwa na bidii mbaya hapo? Haraka haraka watu wanasema ni Bushiri. Lakini mukumbuke kwamba tangu 1942 Wabeleji waliongeza kazi ya lazima ya wanakijiji kutoka siku 60 paka siku 120 kwa mwaka, juu ya vita vya Ulaya. Siku 120, mimi kama agronomo ninahesabu: hiyo ni msimu mzima wa maharagi, kupanda paka kuvuna, mtu hayuko kwenye shamba lake. Mwenye njaa hiyo akisikia kwamba Yesu anakuja kuondoa wenye fimbo, hauna haja ya kumsukuma. Sisemi alifanya vizuri. Nasema bidii nayo iko na udongo wenye inamea ndani yake.

Sasa tuvuke mpaka, twende Gahini. Wengi wetu tumepita Kigali bila kujua hilo jina. Gahini iko mashariki ya Rwanda, juu ya ziwa Muhazi, na misheni ya Waanglikana ilianza pale 1925. Mwaka 1928 alifika daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, kijana wa Cambridge. Alikuta nini? Njaa. Ile njaa kubwa ya 1928 na 1929 yenye Wanyarwanda wanaita Rwakayihura, mvua ilikosa, mavuno yakakauka, watu wakafia njiani wakielekea Uganda. Daktari alichoka, roho ikakauka pamoja na mashamba. Mwezi wa 9 mwaka 1929 akaenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Muganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma na kuomba. Hakuna mwanga wa kuangusha mtu chini. Siku mbili za kusoma tu. Lakini Church aliporudi Gahini hakuwa tena mtu wa mbele.

Na watumishi wake wa hospitali hawakufurahi hata kidogo! Magomvi yakaingia. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wauguzi, akaenda Kampala kumuona Nsibambi, akamweleza taabu yote ya Gahini. Nsibambi akamgeuzia maneno: taabu iko ndani yako wewe. Kinuka akarudi na hiyo njiani, na njiani ndipo akavunjika. Alipofika Gahini, alianza kutubu mbele ya watu wenyewe. Mwisho wa mwaka 1933 kulikuwa mkutano wa maombi pale, watu wakaanza kusimama mmoja mmoja na kuungama. Mwalimu wa pale, Blasio Kigozi, ndugu wa Nsibambi, alikuwa anawaambia wakubwa wa kanisa lake paka kufa kwake mwanzo wa 1936: amkeni. Kisha ya hapo moto ulitoka Gahini ukaenda Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika, ukafika na Kongo. Waganda waliwaita Balokole, maana yake waliookoka. Upande wa Rwanda na Kigezi waliwaita Abaka, wenye kuwaka.

Hapa nataka tupunguze mwendo kidogo, juu hapa ndipo kuna kitu chenye sikukisikia kwenye mikro za Kanyaruchinya. Wale watu wa Gahini, kisha ya kuungama, walirudisha vitu. Mtu alirudisha blanketi na dawa za hospitali zenye aliiba. Mwingine alilipa kodi yenye alidanganya. Mwingine aliongoza ng'ombe paka kwa mwenyewe. Kwao mtu hakuwa amemaliza kuokoka paka amefanya hiyo safari ya aibu, kubisha hodi kwa mtu na kusema: hiki ni chako, ni mimi niliiba. Wamisionari wengine walishangaa, na wengine waliogopa, juu hata Mzungu aliambiwa atubu kiburi chake mbele ya Waafrika. Miaka ya 1930, munaelewa? Katika koloni!

Lakini mutu asidhani mambo yote yalikuwa maziwa na asali. Bidii, ukiitoa mlangoni, inarudi na nguo safi. Mwaka 1941, kwenye chuo cha wachungaji cha Bishop Tucker kule Mukono, wanafunzi Balokole walikuwa wanaamka saa kumi ya usiku, wanaomba, wanahubiria wenzao na walimu wao kwamba hawajaokoka. Mkubwa wa chuo, J. C. Jones, akakataza. Wao wakasema hawawezi kumtii mtu kuliko Mungu. Mwezi wa 10, wanafunzi 26 wakafukuzwa, katikati yao William Nagenda, mmoja wa wahubiri wakubwa wa ule uamsho.

Nimeisoma hiyo habari mara tatu na kila mara nahama upande. Kwanza nilikuwa na wanafunzi: walimu wao walikuwa wamelala. Kisha nikakumbuka vile jirani yangu anahubiri na megafone saa tisa ya usiku kwenye dirisha la mama mwenye mtoto mgonjwa, nikahamia kwa Jones. Sasa niko katikati, na sioni haya. Wale vijana walikuwa na haki juu ya ugonjwa, lakini walianza kumhesabu kila mwenye hana ushuhuda wa tarehe na saa kama mpagani, na hiyo ni barua ya kuhani mkuu ingine, haina muhuri tu. Chenye kiliokoa mambo ni kwamba askofu Stuart hakuwasukuma nje ya kanisa, na wao, ingawa walifukuzwa chuoni, hawakuenda kufungua kanisa lao. Walibaki ndani, wakiudhi na wakiudhiwa. Kwetu wangekuwa wamegawanyika makanisa saba paka Jumapili yenye kufuata, na kila moja na bango lake.

Mtu mwenye ananifurahisha zaidi katika historia hiyo yote ni Festo Kivengere. Yeye karibu ni jirani: mtu wa Rukungiri, Kigezi, huko nyuma ya mpaka ukitoka Rutshuru. Alikuwa mwalimu, alilelewa kanisani akaiacha imani, na alikuwa anakunywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Jumapili moja, akitoka kunywa, alikutana na rafiki kwenye baiskeli aliyemwambia kwamba ameokoka saa chache tu zimepita, na papo hapo rafiki akaanza kumuomba msamaha juu ya mambo yenye walifanya pamoja. Festo alienda nyumbani akapiga magoti. Hiyo ni Damasko yake. Lakini sikilizeni chenye kilifuata. Kulikuwa Mwingereza mmoja mwenye alikuwa anamchukia. Festo alipanda baiskeli, akaenda mbali kwenye zile njia za milima (mwenye amepita Kabale anajua), akafika kwa yule Mzungu, akamwambia: nilikuchukia, nisamehe. Yule Mzungu hakuwa amemuuliza kitu.

Kivengere akawa askofu wa Kigezi 1972. Mwezi wa 2 mwaka 1977 askofu mkuu Janani Luwum, naye mulokole tangu 1948, aliuawa na utawala wa Idi Amin, na Kivengere alikimbia na mke wake usiku, kwa miguu, juu ya milima, paka Rwanda. Mwaka ule ule akaandika kitabu akakiita *I Love Idi Amin*, yaani nampenda Idi Amin. Watu wengi walikasirika na hicho kichwa cha kitabu. Mimi mwenyewe nikifikiri juu ya wenye walitufukuza huku, siwezi kuandika kitabu cha hivyo. Lakini mtu aliyepanda baiskeli kwenda kwa mwenye alimchukia, angalau tumuache aseme.

Sasa, nafika pahali pagumu. Rwanda ya ule uamsho, miaka 60 nyuma yake, ilikuwa nchi yenye karibu watu 9 kwa 10 ni Wakristo. Na 1994 watu walikimbilia makanisani, na makanisani ndipo waliuawa: Ntarama, Nyamata, Nyange. Pale Nyange, kanisa lilibomolewa na tingatinga juu ya watu 1,500 hivi waliokuwa ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, mahakama ya Arusha ilimfunga maisha 2008. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, mkubwa wa Waadventista kule Mugonero, alihukumiwa miaka 10 mwaka 2003, pamoja na mwana wake daktari. Kisha mwezi wa 7 wa 1994 mamia ya maelfu wakavuka kuja kwetu, wakafuata barabara hii hii yenye inapita Kanyaruchinya, wakapiga kambi Kibumba juu ya mawe yasiyo na maji. Watu karibu 50,000 walikufa upande huu wa Goma kwa wiki chache, kipindupindu na kuhara damu, na jiwe la lava lilikataa hata kuchimbwa kaburi. Wazee wetu waliona. Waathirika na wauaji walilala kwenye shitingi moja, na Jumapili waliimba nyimbo moja. Waadventista, Wakatoliki, Waanglikana, wote na vitabu vya nyimbo.

Kisha kukaja gacaca, mahakama ya nyasini, iliyofungwa 2012. Sheria ilisema mwenye kuungama anapunguziwa adhabu. Magerezani watu wengi wakaungama, na wengi wakasema pia wameokoka. Siwezi kupima roho za watu, hata spektrometa ya labo haipimi. Lakini kama mtu wa historia ya kujifundisha mwenyewe, naona tofauti moja kubwa: Kinuka akiungama alipoteza heshima, Festo alipoteza uso wake mbele ya Mzungu. Mfungwa wa gacaca, kuungama kulimpatia miaka. Inawezekana kabisa alikuwa mkweli. Tatizo ni kwamba mjane aliyekaa nyasini hakuwa na njia ya kujua.

Na sisi hapa tuko karibu na hiyo. Mwaka 2023, kwenye kanisa moja dogo la shitingi hapa Kanyaruchinya, nilikaa nyuma, siku ya ushuhuda. Kijana mmoja akasimama: alikuwa porini, amerudi, alikuwa Sauli. Vigelegele. Pembeni yangu kulikuwa mama mmoja mdeplase, mtu mzima, tulikuwa tunafahamiana juu nilikuwa nimempatia mbegu za lenga-lenga. Hakupiga vigelegele. Kisha ya ibada akamfuata kijana polepole, akamwambia: «Mwanangu, mulipopita kwetu, mulichukua mbuzi saba. Sisemi ni wewe. Lakini ni nyinyi.» Pasta akaingilia kati: «Mama, ya kale yamepita.» Mama akamjibu kwa heshima yote: «Ndiyo pasta, yamepita, na mbuzi zilipita nazo.»

Kijana akanyamaza. Kisha akasema hana mbuzi. Mama akasema basi anilimie. Alikuwa amekodi kipande kidogo kati ya mawe, meta kumi kwa kumi na tano hivi, na magoti yake yalikuwa hayainami tena. Yule kijana akaja Jumamosi, akalima. Akaja Jumamosi ya pili, tukapanda maharagi pamoja sisi watatu, yeye hakusema neno. Ya tatu hakuja. Wengine walisema ameenda Bukavu kutafuta kazi, wengine walisema amerudi porini. Maharagi yaliota vizuri. Mama alivuna bakuli mbili kubwa, na kila mara akinipita alikuwa ananiuliza kama nimemuona yule mtoto. Alikuwa anamuita hivyo, yule mtoto.

Basi, Sauli. Matendo ya Mitume inasema wanafunzi wa Yerusalemu walimuogopa, hawakuamini kwamba amegeuka, na walikuwa na haki. Alihitaji Barnaba amshike mkono na kumthibitishia. Na hapo mbele, kwa barua yake kwa Wagalatia, alikuwa ameenda kwanza Arabia na Damasko, na miaka mitatu ikapita mbele ya kupanda Yerusalemu. Hakuna mtu aliyempatia mikro Jumapili ya kwanza pale Yerusalemu.

Kisha njaa. Wakati wa Kaisari Klaudio njaa iliingia Uyahudi, na wandugu wa Antiokia wakachanga. Ni nani alibeba mchango paka Yerusalemu? Barnaba na Sauli. Miaka ilipita, na tunamkuta tena akichangisha, sasa kwa miaka, Makedonia, Akaya, Galatia, Korintho: kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kando kitu, kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Anaandika juu yake katika barua kwa Wakorintho zote mbili, na kwa Warumi. Wahubiri wetu wanatumia hizo sura kwa kuomba sadaka ya kanisa lao (na ya gari, tuseme ukweli), lakini tuangalie anwani: maskini wa Yerusalemu, yaani kanisa lile lile alilolivunja. Nyumba zile zile alizoingia. Biblia haituambii kama alikutana na jamaa ya Stefano. Lakini wajane na mayatima wa wale aliowatia gerezani, kama walikuwa wamebaki, walikuwa katika hao maskini. Yeye hakuandika popote «narudisha». Alichangisha tu, akabeba.

Marafiki zake walimlilia asiende, wakasema atafungwa. Akaenda. Na akafungwa kweli: watu walimkamata hekaluni, wakataka kumuua, wakiwa na uhakika wanamtumikia Mungu. Watu zaidi ya 40 wakaapa kutokula wala kunywa paka wamemuua. Fikirini, huyo mzee alikuwa anawajua kabisa, roho yao aliibeba yeye miaka yake ya kijana. Mtoto wa dada yake alisikia mpango, akaja kumwambia, naye akamtuma kwa mkubwa wa askari. Saa tatu ya usiku wakamtoa Yerusalemu, askari 200, wapanda farasi 70, na wenye mikuki 200, juu ya mtu mmoja mwenye alikuja kuleta sadaka.